Kiti cha Shahidi

Daktari Mhoja aligeuza skrini ili nijionee mwenyewe. Upande wa kushoto kilikuwepo kivuli changu, upande wa kulia nilikuwepo mimi, na sote wawili tulikuwa mistari.

"Kivuli tulikipa dawa tarehe mbili," alisema. "Kikaishi nayo wiki nane ndani ya saa moja. Angalia, kinalala, kinakula, kinarudi kazini. Ndiyo maana tukakupa na wewe dawa ileile. Sasa tazama wewe ulivyokwenda."

Mstari wa kivuli ulikuwa umetulia. Wangu ulikwenda nao sambamba wiki mbili, wiki ya tatu ukapanda mpaka ukatoka juu ya skrini.

"Sihitaji mstari, daktari," nilimwambia. "Nilikuwepo."

Nilikuwepo kweli. Mimi ni mwonja chai. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita katika kiwanda kilicho nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na haitaki kitu kingine isipokuwa ulimi uliotulia. Mwaka jana ulimi wangu ulikufa. Kwanza nililala siku tatu nikitazama ukuta, halafu wiki, halafu chai yote ikawa maji ya moto tu. Ushauri sikunyimwa. Jirani alisema ninachokosa ni mume, mchungaji akasema ni maombi, msimamizi wangu akasema ni likizo. Likizo nikaenda, maombi nikaombewa mara nne, mume nikamwacha hukohuko alikokuwa. Hospitali ya kwanza walinipa vidonge wakaniambia tujaribu. Ya pili wakanipa vingine, nao wakaniambia tujaribu. Ikafika mahali neno hilo linanitia kichefuchefu kuliko vidonge vyenyewe.

Ndipo kaka yangu Ambonisye akanishika mkono akanileta hapa, kwenye kliniki ya vivuli. Hapa hawamjaribu mtu. Wanachukua damu yako, wanapima usingizi wako siku kumi, halafu ndugu yako mmoja wa damu anakaa kwenye kiti cha shahidi na kueleza ukoo wenu: nani aliugua, aliugua nini, alitulizwa na nini. Vyote hivyo vikichanganywa kinapatikana kivuli chako, na dawa zinajaribiwa juu yake badala ya juu yako. Siku ile nililia kwa shukrani, na nililia kwenye shati la kaka yangu.

Dawa waliyoichagua ilinitoa kitandani, ila haikujua pa kuniacha. Wiki ya tatu sikupata lepe la usingizi siku tano na wala sikuchoka. Niliwaambia wenzangu kiwandani kwamba ninaonja mikono ya watu waliochuma majani. Nilikataa mafungu kumi na mawili ya chai nzuri kwa sababu, nilisema, yamechumwa na wenye vinyongo. Siku ya sita nilimwaga vikombe vyote vya mezani, themanini na kitu, nikamwita meneja mbele ya wanunuzi kwa jina ambalo sitaliandika. Walinitoa wawili, kila mmoja amenishika kwapa moja. Barua ya kiwanda inasema nitarudi mezani kliniki ikithibitisha kwamba nimetulia, na kwamba mwezi wa kumi ukiisha bila uthibitisho huo, meza itapewa mtu mwingine.

"Kivuli kimekosea," nilisema.

Daktari Mhoja ni Msukuma mfupi mwenye subira nyingi, na subira yake ndiyo inayonitia wasiwasi. "Kivuli hakikosei damu, dada Gwantwa. Damu ni damu, na usingizi ni ule uliolala. Kikipotea namna hii, huwa kimelishwa maneno mabaya." Akagonga skrini kwa kidole. "Watu wanaopaa hivi kwa dawa hii, mara nyingi kwenye ukoo yupo mtu aliyekuwa akipanda na kushuka. Wa kwenu umeandikwa safi. Miaka tisa niko hapa, sijaona ukoo safi kama wenu."

"Ushuhuda ni wa kaka yangu."

"Najua. Una haki ya kuusikiliza. Wengi huwa hawapendi."

Nilimwambia auwashe. Sauti ya kaka ikajaa chumbani, ile ya upole aliyonifundishia kusoma. Mashine ilimuuliza kama kuna mzazi aliyewahi kuugua akili. "Hapana." Baba alifariki kwa nini? "Presha." Aliwahi kutumia dawa ya kudumu? "Ya presha tu." Kuna ndugu aliyewahi kukesha siku nyingi bila kuchoka, au kusema kupita kiasi, au kujifungia ndani? Hapo kaka alikohoa.

"Sisi ni watu wa kawaida," alisema.

Nilikuwa na miaka minane baba alipofariki, na mtoto wa miaka minane hajui mengi. Lakini nakumbuka baba alivyojenga ukuta wa mawe kuzunguka shamba zima kwa siku nne, mchana na usiku, anaimba, mpaka mama akatuhamishia kwa bibi, huko Kyela. Nakumbuka pia miezi tuliyoambiwa tusicheze karibu na dirisha lake. Nilidhani akina baba wote wako hivyo. Kaka alikuwa na miaka ishirini wakati ule, na mtu wa miaka ishirini hadhani.

Nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Niliiweka mezani taratibu sana, kwa sababu nilitaka kuitupa.

"Wahenga walisema, mficha maradhi..." daktari alianza.

"Usimalizie," nilimwambia. "Aliyeficha si mimi."

*

Nilimkuta kaka uani kwake anapaka rangi geti. Wifi alikuwa amekwenda sokoni. Jumamosi walikuwa wanategemea wageni kutoka Mbeya, mshenga na wazee wawili, waje kwa ajili ya Tusekile, binti yao wa pekee, mwalimu wa sekondari mwenye miaka ishirini na sita. Huyo Tusekile nimembeba mgongoni mimi. Kutembea alijifunzia kwenye miguu yangu.

"Umekuja wakati mzuri," alisema kaka. "Chukua brashi ile."

"Nimesikiliza ushuhuda wako."

Brashi yake ilisimama getini, rangi ikaanza kuchuruzika. "Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nimesimama vizuri. Baba alikuwa na nini?"

"Si unajua alikuwa na nini."

"Nataka nisikie kwako."

Alitazama barabarani kama kuna mtu anapita. Hapakuwa na mtu. "Alikuwa anapanda na kushuka," alisema. "Walimpatia dawa ukubwani, inaitwa lithiamu. Ile ndiyo ilimtuliza. Miaka yake miwili ya mwisho aliishi vizuri kabisa."

"Kwa hiyo jina la dawa ulikuwa nalo mdomoni siku ile. Neno moja tu."

"Gwantwa, hati ya ukoo unaijua."

Niliijua. Zamani watu wakitaka kuoa walimtuma shangazi mwenye masikio akakae kwa majirani, apige soga, katikati ya soga aulize: hawa wana kifafa? Wana uchawi? Kuna mwendawazimu? Siku hizi shangazi huyo amepumzishwa. Familia ya mume inaomba hati, kliniki inaitoa, na ushuhuda wowote uliotolewa na ndugu wa damu umo humo kwa mistari miwili mitatu. Hati haikauki mpaka siku ya ndoa. Ukiongezwa ushuhuda leo, kesho umo. Sheria ilitungwa ili watu wawahi tiba, ila wenye watoto wa kuoza wakaona matumizi mengine.

"Nilijua wataiomba," alisema kaka. "Nilipokaa kwenye kile kiti nilimwona Tusekile mbele yangu."

"Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nje ya mlango, kaka. Nilikuwa nimekushikia koti lako."

"Nilidhani kivuli kitaona chenyewe. Wanasema kinaona kila kitu. Nikajiambia, damu yake itasema, si lazima na mdomo wangu useme."

"Imesema nini? Nimetolewa kazini kama mwizi wa kuku."

"Nilikuja kukaa na wewe siku zile zote," alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Sikukuacha hata saa moja."

"Ulikaa na mimi huku unajua."

Hapo akaweka brashi chini, akanisogelea, akaanza kusema kwa haraka, kama mtu aliyelipanga jambo tangu zamani. Ndoa ni Desemba. Nisubiri ndoa ipite, atarudi mwenyewe kwenye kile kiti aseme yote. Nikamkumbusha kwamba kiwanda kinanisubiri mpaka mwisho wa Oktoba. Basi, alisema, nianze dawa kimyakimya, yeye atanipatia.

"Unaanza kidogo, asubuhi na jioni, baada ya kula. Unakunywa maji mengi kwa sababu kinywa kinakauka. Na usiogope ladha. Wiki za mwanzo kila kitu kina bati, hata uji. Inaanzia ubavuni mwa ulimi, huku nyuma, wiki ya pili inahamia mbele, halafu unaizoea."

Sasa, mimi watu wamenieleza ladha maisha yangu yote. Namjua anayesema alichosikia na namjua anayesema alichoonja. Aliyesikia atasema "bati" na ataishia hapo. Kujua kwamba ladha inaanzia ubavuni nyuma ndipo ihamie mbele, sharti iwe imepita kwenye ulimi wako mwenyewe.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Nini tangu lini?"

"Unaitumia tangu lini, kaka?"

Nilisubiri. Kazi yangu imenifundisha kusubiri ladha ya mwisho, maana hiyo ndiyo ya kweli.

"Miaka kumi na minne," alisema.

"Unaipata wapi?"

"Nakonde. Ng'ambo ya mpaka hawaulizi ukoo."

"Kumbe ndiyo ile mitumba unayotuambia unaifuata."

"Mitumba nafuata pia."

"Wifi anajua?"

"Anajua nakwenda Nakonde."

Niliumia, sina namna nyingine ya kulisema. Kuficha ugonjwa wa baba ni kumsitiri marehemu, na hilo labda ningelimeza. Hili lilikuwa jingine. Mwaka mzima kaka yangu alikuwa anaamka, anameza kitu kile ambacho mimi nilikuwa nakitafuta kwa wachungaji na mahospitalini, anafuta mdomo, kisha anakuja kuniuliza kama nimepata usingizi. Alinitazama nikijaribishwa dawa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alinishikia beseni nilipotapika ile ya pili.

"Jumatano naenda kusahihisha ushuhuda," nilisema. "Saa sita mchana. Njoo useme mwenyewe, la sivyo nitasema mimi."

"Na Tusekile?"

"Tusekile naye ni damu yetu. Unamficha nani, wakwe au yeye?"

Aliokota brashi yake, akaendelea kupaka mahali palepale alipokwisha kupaka.

*

Jumatatu wifi aliniletea maharage, salamu kutoka kwa kaka. Ndani ya maharage mlikuwa na pakiti ya vidonge imefungwa kwenye nailoni. Niliishika muda mrefu, na sitadanganya kwamba sikuhesabu siku: nikianza leo, mwisho wa Oktoba ningekuwa nimetulia, Tusekile angeolewa, na hakuna mtu ambaye angejua chochote. Lakini nilipompigia daktari simu kuuliza habari za lithiamu, aliniambia kwamba dawa hii si panadol. Bila kupimwa damu kila wiki mwanzoni, inaweza kukutuliza na inaweza kukutia sumu, na wewe hujui umeingia njia ipi. Nimeshachoka kutojua. Niliirudisha pakiti kwenye nailoni yake, nikaiweka juu ya kabati.

Jumatano nilifika saa nne. Niliomba kuanza na baba, nikidhani pengine jina la marehemu litatosha na kaka atabaki na siri yake. Nilitaka litoshe. Nilieleza ukuta wa mawe, nikaeleza dirisha, nikaitaja lithiamu. Daktari Mhoja akaamuru kivuli kijengwe upya, tukakaa tunakitazama kikiishi wiki zake nane. Namba ya uhakika wa lithiamu ikasimama: sitini na moja kwa mia.

"Kabati la dawa linafunguka kwenye sabini na tano," alisema.

"Lifungue wewe. Wewe ndiye daktari."

"Sina ufunguo. Kabati linakitii kivuli, halinitii mimi. Zamani sisi tulikuwa tunakisia, dada. Watu wakachoka kukisiwa." Alijikuna kidevu. "Baba yenu alifariki kabla ya vipimo hivi, damu yake hatuna. Angekuwepo ndugu aliye hai ambaye dawa hii imemtuliza, huyo mmoja angekuwa na uzito wa wafu watatu. Yupo?"

"Saa sita utajua," nilimwambia.

Saa sita ilifika. Nilitazama mlango. Nilimpa kaka dakika kumi na tano za mvua, kwa sababu ilikuwa inanyesha, na huku kwetu mvua ni udhuru halali. Zikaisha. Nikahama kutoka kiti cha mgonjwa, nikaenda kukaa kwenye kiti cha shahidi. Kilikuwa cha chini kuliko nilivyodhani, na mikono yake ilikuwa imelainika kwa viganja vya watu.

"Je, yupo ndugu wa damu aliye hai aliyetumia dawa hii?" mashine iliuliza.

"Yupo."

"Taja jina lake."

Hapo ndipo nilipomwona Tusekile, kama kaka alivyosema alimwona. Nilimwona amesimama mbele ya darasa lake, simu inatetemeka mezani, maana ushuhuda mpya ukikamilika, ndugu wote wa damu wanatumiwa taarifa papo hapo. Nilimwona pia mshenga akisoma hati. Ningeweza kusimama nikaondoka, na mezani kiwandani akakaa mtu mwingine, na mimi nikarudi kwenye ukuta wangu niutazame. Watu wangesema nimejitoa kwa ajili ya mtoto. Kaka angeniletea maharage.

Nikalitaja jina lake, nikalitaja na la baba ili wasimkosee.

"Je, aliyetajwa ameridhia kutajwa?"

Swali hilo sikulijua. Nilimgeukia daktari.

"Ukisema hapana, jambo linakwenda kwenye kamati ya wilaya," alisema. "Siku tisini."

Siku tisini zingeisha Desemba. Daktari Mhoja aliinama akaanza kukagua kucha zake kwa makini, na nikaelewa kwamba hatanisaidia wala hatanizuia. Mimi niliyekuja pale kuufuta uongo, mimi niliyemwambia kaka maneno yale yote uani kwake. Nilishika mikono ya kiti.

"Ameridhia," nilisema.

Sauti haikutetemeka. Ilitoka taratibu, ya upole, na mashine ikaipokea kama ilivyoipokea ya kaka. Namba ikapanda hadi themanini na nane. Kabati la ukutani likafunguka, na mle ndani kulikuwa na kikombe cha karatasi chenye kidonge kimoja cheupe. Nikakimeza palepale na maji. Daktari akachukua damu ya kuanzia, akaniambia nirudi Jumatano ijayo na nisipunguze chumvi kwenye chakula. Nilisema ndiyo kwa kila kitu. Nilitegemea kujisikia mshindi, nikajisikia mchafu.

Simu ililia saa sita na nusu. Alikuwa kaka.

"Nimepata taarifa," alisema. "Wameandika kwamba nimeridhia."

"Ndiyo."

"Sikuridhia, Gwantwa."

"Najua."

Nilisikia mvua kwenye simu yake, ila mvua ilikuwa inanyesha wilaya nzima. "Nilikuwa nakuja," alisema. "Malori yale yanayojiendesha yamekwama darajani, nikashuka nikatembea. Nilikuwa nakuja kukaa kwenye kile kiti mwenyewe. Nilitaka Tusekile alisikie kwangu, si kwenye simu. Niko hapa nje, kwenye geti la kliniki."

Mwaka mmoja uliopita ningemwamini kabla hajamaliza sentensi. Sasa niliipima sauti yake kama ninavyopima kikombe, nikaitembeza kila mahali, na sikupata kitu. Huenda alikuwa getini kweli, ameloa, na mimi nimemnyang'anya neno la pekee lililokuwa limebaki la kwake. Huenda alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, anatafuta namna ya kuwa mwema hata leo. Zote mbili zilikuwa na ladha moja. Hilo ndilo alilonifanyia kaka yangu, kwamba hata akisema kweli sina pa kuiweka.

"Unanisikia?" alisema. "Chungulia dirishani, mdogo wangu. Utaniona."

Dirisha la kuonea geti lilikuwa nyuma ya kiti changu. Nilikaa hapohapo, simu sikioni, na sikugeuka.